Jinsi ya kupata faida kwenye nishati safi: ziba umeme unaovuja kwanza, paneli na hisa zije baadaye

Watu wengi wakianza kufikiria kutengeneza hela kwenye nishati safi, swali la kwanza ni ninunue paneli ngapi, au hisa za kampuni gani ya sola zitapanda. Mimi nakuuliza kingine kabla ya hapo: nyumba yako au biashara yako inakula yuniti ngapi kwa siku? Kama hujui, tulia kwanza, usitoe hela. Nasema hivi kwa uchungu maana mimi nilianzia mwisho, nikafunga paneli na betri kabla sijajua umeme wangu unaenda wapi, na ile betri ilikufa kabla haijamaliza miaka miwili, huko chini nitaeleza ilikuwaje.

Kwa hiyo tunaanza kupima, halafu kubana, halafu kuzalisha wenyewe, halafu ndo kupeleka hela kwenye miradi na kampuni za watu wengine. Ukiugeuza huu mpangilio unalipia kitu kimoja mara mbili, utaona kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Jua umeme wako unaliwa na nini

Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja kimekula yuniti moja, cha wati 100 kitachukua saa kumi kula hiyo hiyo. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1,000, umemaliza.

Sasa chukua daftari. Soma mita jioni kabla ya kulala, soma tena asubuhi ukiamka, soma tena jioni, fanya hivyo wiki nzima ikiwemo wikiendi maana matumizi ya Jumapili na ya Jumanne hayafanani kabisa. Wiki ikiisha una namba mbili za dhahabu, wastani wa siku nzima na kiasi kinacholiwa usiku watu wakiwa wamelala. Hiyo ya usiku wengi inawashtua.

Kuna kipimo kingine nakipenda sana na hakihitaji kifaa chochote. Mita nyingi za kisasa zina kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na pembeni pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake kakipepesa mara 1,000 umetumia yuniti moja. Sasa zima kila kitu unachodhani kinawaka, kaa mbele ya mita na saa ya simu, hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata. Chukua 3,600 gawanya kwa hizo sekunde, jibu ni wati zinazoliwa muda huo huo. (Kama mita yako imeandikwa 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.)

Mimi nilifanya hivi usiku, taa zote zimezimwa, friji nimelichomoa makusudi, nikajua hapo pamekufa kabisa. Kale kataa kakapepesa. Nikasubiri, sekunde 90, kakapepesa tena. Yaani wati 40 zinakwenda na mimi nimesimama gizani. Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja, king'amuzi kilichozimwa kwa rimoti, spika, chaja ya kompyuta iliyoachwa ukutani, maikrowevu yenye saa ya namba za kijani ambayo hakuna mtu anaiangalia. King'amuzi peke yake ndo kilikuwa kinakula sehemu kubwa. Wati 40 zinaonekana kitu kidogo lakini zinafanya kazi saa 24, hiyo ni karibu yuniti moja kila siku na yuniti 350 kwa mwaka, nazilipia na sijapata hata mwanga wa kusomea.

Hatua ya 2: Bana, na ubane panapostahili

Hapa ndo pana hela nyingi kuliko sehemu zote na ndo sehemu watu wanapita haraka kwa sababu haina mbwembwe, paneli juu ya paa inaonekana na majirani lakini mpira mpya wa mlango wa friji hauonekani na mtu.

Kanuni ya kushika: kinachotengeneza joto au baridi ndo kinachokula umeme. Vinavyotoa mwanga, sauti na picha vinakula kidogo. Unakuta mzazi anagombana na watoto kwa sababu ya balbu huku hita ya maji imewashwa toka alfajiri. Piga hesabu uone, kupasha lita 40 za maji ya kuoga kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 kunakula karibu yuniti 0.93, hiyo fizikia haina ujanja, maji ni lazima yapewe joto lake. Kwa yuniti hiyo hiyo balbu ya LED ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100. Kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kugombana na kitu kimoja tu, gombana na maji ya moto. Washa hita muda mfupi kabla ya kuoga halafu zima, shusha nobu ya joto, weka bomba la kuogea linalotoa maji kwa matundu madogo, na kama pana jua la kutosha weka hita ya maji ya sola, ile ya mirija au ya bati jeusi. Kwa familia kubwa, hosteli au hoteli, hita ya maji ya sola mara nyingi inarudisha hela kabla ya paneli za umeme, maana inachukua joto la jua moja kwa moja bila kulipitisha kwenye umeme.

Friji. Chukua karatasi, funga mlango juu yake, halafu ivute. Ikitoka kirahisi bila kushikwa basi mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Fanya hivyo pande zote nne, na kule chini karibu na bawaba ndo wengi hawapimi. Langu lilikuwa linashika juu na pembeni vizuri kabisa lakini kona ya chini karatasi ilitoka yenyewe, na nikiweka kiganja pale nasikia baridi inapuliza vidoleni. Mpira mpya ukamaliza kazi. Halafu livute friji mbali na ukuta kidogo lipumue nyuma, futa vumbi kwenye ile nyavu ya nyuma, yeyusha barafu ikiganda nene. Nyuzi 4 zinatosha kwa sehemu ya kawaida na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sehemu ya kugandisha, kushusha zaidi ni kulipia baridi ambayo chakula hakiihitaji.

Balbu nitasema haraka. LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa tano kwa siku unaokoa yuniti kama 93 kwa mwaka kwa balbu moja tu, na inadumu saa 15,000 au zaidi wakati ile ya zamani inakufa kwenye saa 1,000. Bado unayo ya zamani? Itoe leo.

Feni haipoozi chumba, inampooza mtu, kwa hiyo chumba kikiwa hakina mtu zima. AC pandisha nyuzi mbili tatu, safisha chujio lake, na kabla ya kununua AC kubwa zaidi jiulize joto linaingilia wapi, mara nyingi ni paa na madirisha ya upande wa jua la mchana. Rangi nyeupe juu ya paa, dari, pazia la nje au mti uliopandwa upande sahihi, hivyo vinafanya kazi kila siku bila kulipiwa bili.

Wenye biashara sikilizeni hapa kwa makini. Pampu na feni kubwa zina sheria moja tamu sana, umeme zinaokula unafuata mwendo kwa kipeo cha tatu. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 20 umeme unashuka karibu nusu (0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51). Kwa hiyo badala ya kuiacha pampu izunguke kwa nguvu zote halafu unabana maji kwa koki, weka kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota. Kubana kwa koki ni sawa na kuendesha gari umekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kompresa ya hewa nayo, kwenye karakana ambazo hazikaguliwi inawezekana asilimia 20 hadi 30 ya hewa inavuja kwenye maungio, paka maji ya sabuni uone mapovu, kazi ya mchana mmoja tu.

Na usidhani kubana ni mambo ya watu wadogo. Jengo la Empire State kule New York lilifanyiwa ukarabati mkubwa wa nishati uliotangazwa mwaka 2009, wakatengeneza upya madirisha yake 6,514 humo humo ndani ya jengo, wakaweka vizuizi vya joto, wakarekebisha mitambo ya baridi na taa, na matumizi ya nishati yakashuka kama asilimia 38, ni zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka. Kitu kinachonifurahisha pale ni kwamba kwa sababu walipunguza joto linaloingia kwanza, hawakulazimika kununua mitambo mikubwa zaidi ya baridi, waliikarabati iliyokuwepo. Mpangilio ule ule ninaokwambia.

Sasa tuiite faida. Tuseme umetumia 100 kwa pesa yoyote unayotumia wewe, na umeokoa 200 kwa mwaka. Hela imerudi ndani ya miezi sita na inaendelea kurudi mwaka wa pili na wa tatu. Hakuna hisa wala akaunti ya benki inayokulipa hivyo tena bila kubahatisha. Ila ina ugonjwa mmoja, hela iliyookolewa haionekani, bili inashuka na matumizi mengine yanaimeza kimya kimya. Dawa yake ni hii, fungua akaunti au mfuko wa pembeni, kila mwezi linganisha bili ya mwezi huu na ya mwezi kama huu mwaka jana, tofauti ihamishie humo siku hiyo hiyo. Huo ndo mtaji wako wa hatua zinazofuata, na umeupata bila kukopa.

Hatua ya 3: Zalisha mwenyewe

Hesabu ya paneli ni nyepesi kuliko mafundi wengi wanavyoifanya ionekane. Chukua yuniti zako za siku, gawanya kwa saa za jua kamili za mahali ulipo, halafu gawanya kwa 0.75 kwa ajili ya upotevu wa joto, vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe kama wa ukutani). Saa za jua kamili sio muda jua linapoonekana, ni jua la siku nzima likikusanywa kwenye saa za nguvu ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, sehemu nyingi zenye jua zuri inakuwa kama nne hadi sita.

Tuseme una saa 5 na unatumia yuniti 7 kwa siku, 7 gawanya kwa 5 gawanya kwa 0.75, unahitaji karibu kilowati 1.87, hizo ni paneli nne za wati 550. Sasa tuseme ulipita hatua ya 2 ukashusha hadi yuniti 4, unahitaji kilowati 1.07, paneli mbili tu. Na betri nayo imepungua karibu nusu, na inveta inaweza kuwa ndogo zaidi. Yule aliyeruka hatua ya 2 amenunua paneli mbili na nusu ya betri kwa ajili ya kulisha mpira mbovu wa friji na king'amuzi kilicholala.

Kununua paneli: namba ya wati kwenye kibandiko imepimwa maabara, jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli ikiwa nyuzi 25. Juu ya bati saa saba mchana paneli inafika nyuzi 65 bila shida, na paneli za kawaida zinapoteza karibu asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi, kwa hiyo nyuzi 40 za ziada ni asilimia 14 imeondoka. Ndo maana paneli haibandikwi kwenye bati, inainuliwa iachiwe nafasi hewa ipite chini.

Na kujua kama unauziwa uongo huhitaji kipimo, unahitaji futi kamba. Paneli bora za madukani zinageuza asilimia 20 hadi 24 ya jua kuwa umeme, kwa hiyo mita moja ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya kama wati 240. Pima urefu mara upana, kama paneli ina mita ya mraba moja na kibandiko kinasema wati 400, iache hapo hapo dukani.

Kivuli nacho usikidharau. Seli zimeungwa kwa mfuatano kama shanga, tawi moja likitupa kivuli kwenye kona linaangusha kipande kizima. Panda juu ya paa asubuhi, mchana na saa kumi jioni uangalie kivuli kinatembea vipi kabla fundi hajatoboa chochote.

Betri, hapa ndo nilipoumia. Nilinunua betri za risasi kwa sababu zilikuwa bei nafuu, nikawa nazitumia hadi inveta ipige kelele izime, kila usiku. Hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza kwamba betri ya risasi haitakiwi kushuka chini ya nusu mara kwa mara. Ikawa inajaa haraka asubuhi, nikafurahi kumbe ndo inakufa, inajaa haraka kwa sababu haina tena pa kuweka. Jioni saa mbili giza.

Ukipima betri kwa bei ya dukani unadanganyika, ipime kwa yuniti itakazokupa maisha yake yote. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina yuniti 1.2, unatumia nusu yake, 0.6, mara tuseme mizunguko 500, ni yuniti 300. Ya lithiamu aina ya LFP ya ukubwa huo huo unatumia asilimia 80, karibu yuniti 1, mara mizunguko 3,000, ni yuniti 3,000 hivi. Gawanya bei ya kila moja kwa hizo namba. LFP ni ghali ukiiangalia dukani lakini sio ghali mara kumi.

Mengine ya haraka haraka. Nunua kontrola ya MPPT (kifaa cha kati ya paneli na betri kinachovuna umeme mwingi zaidi toka kwenye paneli) kama mtambo sio mdogo sana. Inveta iwe ya wimbi safi (umeme wake unafanana na wa ukutani), mota na friji zinaumia kwenye zile za bei ya chini. Waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene na mfupi, na uwe na fyuzi ya umeme wa DC (ule unaotoka kwenye paneli na betri), hii usiibishie, cheche ya DC haizimiki kirahisi kama ya umeme wa ukutani na nyumba zimeungua kwa hilo. Fundi awe na leseni. Dhamana soma zote, ile ya miaka 25 ya paneli ni ya kiasi cha umeme inachotoa, mwili wa paneli na inveta mara nyingi vina miaka yao mifupi zaidi.

Kitu kingine kinachowashangaza watu, mtambo uliounganishwa na gridi (mtandao wa shirika la umeme) bila betri unazima gridi ikizima, hata jua likiwa kali. Umetengenezwa hivyo makusudi usije ukamuua fundi anayeshika waya nje. Kama shida yako ni umeme kukatika, huo sio mtambo wako. Kama shida yako ni bili, huo ndo wenye faida kubwa kwa sababu betri ndo mzigo wa gharama, ila kwanza uliza shirika lako la umeme kama linapokea umeme wa ziada na linaulipia vipi, kuna sehemu wanakurudishia yuniti kwa yuniti, kuna sehemu wanakulipa bei ndogo sana, na kuna sehemu hawapokei kabisa. Pale wanapolipa kidogo, hamishia kazi zako mchana: kufua, kupiga pasi, kusukuma maji, kuchaji. Yuniti unayoitumia mwenyewe ina thamani kuliko unayoiuza kwa bei ya kutupa.

Hesabu ya kurudisha hela: gharama yote gawanya kwa unachookoa kwa mwaka. Mtambo wa 1,000 unaookoa 200 kwa mwaka ni miaka mitano. Lakini weka na inveta utakayobadilisha na betri utakayobadilisha, usijifiche ukweli. Ukikopa, rejesho la mwezi lisizidi unachookoa kwa mwezi, na mkopo uishe kabla ya betri kuisha, vinginevyo utalipia kitu ambacho kimeshatupwa.

Hatua ya 4: Uza ujuzi wako

Ukishafanya kwako una kitu cha kuuza. Maduka, shule, hoteli na karakana nyingi hazijui umeme wao unaenda wapi. Unaweza kukagua kwa ada, au ukafunga vifaa kwa hela yako na kulipwa sehemu ya kinachookolewa kwa miaka miwili mitatu. Ukichukua njia hii ya pili, pima bili za miezi 12 iliyopita na muandikiane saini kabla ya kugusa hata balbu, na muandike itakuwaje wakiongeza mashine mpya katikati. Bila karatasi hiyo mteja atakwambia bili haikushuka, na kweli haikushuka, kwa sababu ameongeza majokofu mawili.

Hatua ya 5: Hisa na hatifungani za kijani

Sasa hapa kuwa mwangalifu. Sekta kukua na mwenye hisa kupata faida ni vitu viwili tofauti. Bei ya paneli ilishuka karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, mnunuzi alishangilia lakini mtengenezaji alikuwa anavuja damu. Solyndra ya Marekani ilifilisika 2011, SunEdison 2016, SunPower 2024. Dunia ilikuwa inafunga sola nyingi kuliko wakati wowote na hizo kampuni zinakufa. Kwa hiyo mtu akikwambia nunua hisa hii kwa sababu sola ndo mustakabali wa dunia, muulize kampuni inauza kitu gani ambacho jirani yake hawezi kukiuza kwa bei ya chini.

Jambo la pili ni riba. Mtambo wa jua au upepo hauna gharama ya mafuta, karibu hela yote inatoka mwanzoni na nyingi ni ya mkopo, kwa hiyo riba ikipanda miradi inaumia kuliko biashara nyingine. Baada ya kilele cha Januari 2021 hisa za nishati safi duniani kwa ujumla zilishuka zaidi ya nusu kufika Oktoba 2023, na riba ilikuwa moja ya sababu kubwa. Ørsted ya Denimaki, kampuni kubwa kabisa ya upepo wa baharini, ilifuta miradi yake ya Ocean Wind huko Marekani mwaka huo na hisa zake zikaporomoka.

Kama unataka kuingia, mimi naona mfuko wa ETF (unauzwa sokoni kama hisa moja lakini ndani una kampuni nyingi) ni salama kuliko kuchagua hisa moja, na uingie kidogo kidogo kila mwezi badala ya kumwaga zote siku moja. Sehemu ndogo tu ya akiba yako, ile ambayo ikipungua nusu bado unalala. Ukiangalia kampuni moja moja, tafuta zenye mikataba ya kuuza umeme kwa miaka 15 au 20, soma anayenunua ni nani na anaweza kulipa, halafu angalia madeni yanaiva lini.

Hatifungani za kijani (unaikopesha serikali, benki au kampuni hela ya miradi ya mazingira, inakulipa riba) ni tulivu zaidi. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa ya kwanza ya aina hiyo 2007, Benki ya Dunia ikafuata 2008, na sasa serikali na kampuni nyingi zinazo. Unachotakiwa kuelewa ni kwamba kwa kawaida anayekulipa ni yule aliyeitoa, sio ule mradi wa upepo uliopigwa picha kwenye kipeperushi. Kwa hiyo kagua uwezo wake wa kulipa kama unavyomkagua mdaiwa yeyote, neno kijani halipunguzi hatari.

Hatua ya 6: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Matapeli wanaipenda sana hii sekta kwa sababu watu wana moyo nayo. Kampuni ya DC Solar ya California ilikuwa inauza jenereta za sola za kuvutwa na gari, ikadai imetengeneza kama 17,000, kumbe angalau nusu yake hazikuwepo kabisa, walikuwa wanabandika vibandiko vya namba mpya kwenye zile zile za zamani. Karibu dola bilioni 1 zilihusika na miongoni mwa waliopigwa ilikuwepo Berkshire Hathaway, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani yenye wakaguzi na mawakili wa kila aina. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2021.

Wanaokuja kwako wanatumia njia ndogo zaidi. Programu ya simu inakwambia nunua paneli iliyoko mbali, utalipwa kila siku, ukileta watu unaongezewa. Piga hesabu hii: paneli ya wati 550 kwenye jua zuri inatoa kati ya yuniti mbili na tatu kwa siku. Zidisha kwa bei ya yuniti moja. Wakikuahidi malipo ya siku yanayozidi hapo, hiyo hela haitoki kwenye jua, inatoka kwa mtu aliyejiunga baada yako. Na wakisema ni halali waombe wakuonyeshe mita iko wapi na nani analipia huo umeme.

Halafu kuna vile viboksi vya kuchomeka ukutani vinavyodai kupunguza bili kwa asilimia 30 au 50. Ukikifungua ndani unakuta kataa na kapasita ndogo. Mita ya nyumbani inahesabu umeme uliofanya kazi kweli na hicho kiboksi hakiugusi, kimekuongezea tu kitu kimoja cha kuchomoa.

Hatua ya 7: Matunzo

Paneli zioshe asubuhi na mapema zikiwa bado baridi, maji na kitambaa laini bila sabuni kali, ukimwaga maji baridi kwenye kioo cha mchana unaweza kukipasua. Kaza vishikizo vya betri kila baada ya miezi michache, kikilegea kinapata moto (zima kila kitu na vua pete na saa kabla hujagusa). Chukua tochi ukaangalie chini ya paneli kama panya hawajatafuna waya.

Na lile daftari la mita usiliache. Langu lina safu tatu, tarehe 1 ya kila mwezi naandika namba ya mita, yuniti zilizotoka kwenye sola, na hela niliyoihamishia pembeni. Mwezi uliopita namba ya sola ilishuka na jua lilikuwa lile lile, nikapanda juu kuangalia, tawi la mti limerefuka hadi kona ya paneli ya pili.